Timu ya Karatasi

Jumamosi ile soko kuu la Bujumbura lilijaa mpaka watu wakapita kwa mabega. Ilikuwa Novemba 2001. Siku tatu mfululizo risasi zilisikika upande wa milima, na ziliponyamaza mji mzima ulitoka kununua chumvi, mkaa na samaki wadogo wa ndagala. Asiya binti Uthmani hakutaka chumvi. Alitaka redio ya baba yake, iliyokaa kwa fundi wiki mbili, na alikuja kugomba.

Alivaa kitenge cha kijani kilichoshonwa vizuri, mtandio wa njano na viatu vya ofisini. Alikuwa mpiga taipu mahakamani, na hata sokoni hakupenda kuonekana ovyo. Mbele ya meza ya fundi aliwakuta wanaume zaidi ya kumi, wanaandika kwenye vipande vya karatasi na kubishana.

"Fundi ni nani hapa?"

"Ni mi, Yahaya." Alikuwa kijana mwembamba, koti la bluu limejaa matundu madogo ya kulehemu. "Ngoja kidogo, dada. Watu wanapanga timu."

"Timu gani? Mi naona karatasi."

"Ndiyo timu yenyewe. Kila mutu anachagua wachezaji kumi na moja wa ligi ya Ufaransa, kutoka klabu yoyote. Mwisho wa wiki tunasikiliza redio. Wako akifunga, pointi tano. Kipa wako asipofungwa, pointi nne. Wako yeyote akipata kadi nyekundu, unapoteza tatu."

Asiya alichungulia karatasi ya mzee aliyesimama karibu naye. "Huyu umemweka wa nini, baba? Ameumia goti tangu Jumatano."

Wanaume wakaangua kicheko. Yahaya aliweka bisibisi chini. "We unafuata mpira?"

"Nafuata redio ya baba. Ile uliyoikalia wiki mbili."

Alicheza siku hiyo hiyo. Alitoa faranga mia kama wengine, pesa za mshindi, akaandika majina kumi na moja bila kumuuliza mtu, akawa wa nne. Wiki iliyofuata akawa wa pili. Yahaya alimpelekea habari hiyo kwa simu ya ofisini kwake, kutoka kibanda cha simu cha dada mmoja, Caritas, kilichokuwa jirani na meza yake.

"Alo, sheri wangu?"

"Usiniite sheri mbele ya Caritas."

"Caritas ameziba masikio."

"Muongo! Namsikia anacheka."

Wakapendana hivyo, kwa simu za dakika mbili na ugomvi kuhusu magolikipa. Saa za chakula walikutana karibu na bandari, Yahaya alipokwenda kununua betri zilizoshushwa kutoka Kigoma. Asiya alimnunulia mahindi ya kuchoma, akamwambia amekonda kama antena. Yahaya alimwambia kwamba akipata kidogo cha kuanzia, atapeleka posa.

Lakini Mzee Uthmani alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi, mtu wa neno moja. Jioni moja, wakila, alisema bila kuinua sauti:

"Pesa inatoka mikononi mwa wengi, inaingia mkono mmoja. Jina lake kamari. Mcheza kamari haoi kwangu."

Kesho yake Asiya aliacha kucheza, akamwendea Yahaya. "Iondoe ile mia. Mchezo ubaki, pesa itoke."

"Angalia kule," Yahaya alijibu, akinyoosha kidole. "Yule muuza tiketi za bahati nasibu ana kibali. Mutu anakwangua kwa kucha, akili haihitajiki, na ni halali. Hapa mutu anafikiri wiki nzima. Nani anacheza kamari?"

"Sikukuuliza habari zake. Nimekuomba wewe."

"Haya, nitaiondoa."

Hakuiondoa. Alikuwa na haki katika hoja yake, na mtu mwenye hoja nzuri huona ahadi ni kitu kidogo.

Asubuhi moja ya Machi, hati iliwekwa mezani kwa Asiya aipige taipu. Yahaya Mawazo, fundi wa redio, anaitwa mahakamani kwa kuendesha mchezo wa bahati kwa pesa bila kibali. Vyombo vyake vitashikwa. Katika mji ambao mitaa mizima ilichomwa moto na hakuna aliyeitwa kujieleza, mtu wa karatasi za mpira aliandikiwa hati yenye mihuri miwili! Hasira ya Asiya ilikuwa mbili: juu ya mihuri ile, na juu ya mwanamume aliyemdanganya. Akapiga taipu. Mwisho akaweka herufi kama kila mpiga taipu alivyotakiwa: za aliyeandika hati, alama ya mkwaju, kisha zake ndogo, a.u.

Halafu akachukua simu ya ofisi. Karani mkuu alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, hivyo hakuweza kuitaja hati.

"Caritas, Yahaya yuko wapi?"

"Ameenda bandarini."

"Mwambie afunge meza leo. Afunge kabisa. Umesikia?"

Yahaya alipopewa ujumbe alicheka kwa uchungu. "Wiki ya sita sasa, ni funga, ondoa, haramu! Baba yake amemtuma." Akaendelea kugawa karatasi.

Saa nane polisi walifika. Walibeba redio kumi na mbili, meza, na mfuko wa karatasi zote za miezi minne. Walimwachia hati. Aliisoma mpaka chini, akaziona herufi mbili ndogo. Alikwenda kwa Caritas moja kwa moja.

"Ni wewe!" Yahaya alifoka mara Asiya alipopokea simu. "Umenichoma!"

"Mi nimekuchoma? Nilikupigia simu!"

"Ulinipigia nifunge, ili baba yako afurahi. Jina lako liko chini ya karatasi!"

"Hiyo ndiyo kazi yangu, mujinga we! Ile mia uliniambia umeiondoa. Umeiondoa?"

Yahaya aliikunja hati, akaitia mfukoni.

"Basi tusisemeshane," Asiya alisema, akakata.

Kazi haikumhurumia. Alipewa mfuko wa karatasi zile aorodheshe vielelezo, matokeo ya wiki kumi na saba ya wachezaji waliokwisha kufika mia mbili. Alipiga majina kwa nguvu mpaka mashine ikaruka mezani. Kwenye wiki ya tisa mikono ikasimama. Akarudi mwanzo, akasoma upya.

Siku ya kesi Mzee Uthmani alikuja na kanzu yake nyeupe, akaketi nyuma. Alitaka kusikia kwa masikio yake.

"Mtu hajui nani atafunga Jumapili," hakimu alisema. "Hiyo ni bahati."

"Hata mkulima hajui mvua," Yahaya alijibu, "lakini halimi kwa bahati."

Watu wakaguna. Hakimu akagonga meza. Hapo kiti cha mpiga taipu kikasogea, na Asiya akasimama, uso umemwiva kwa hasira.

"Bwana hakimu, niadhibu baadaye. Nimepiga taipu wiki kumi na saba. Walioshika nafasi tano za juu ni watu walewale saba, kila wiki. Hata mimi, kabla sijaacha, nilikuwa mmoja wao. Bahati haina marafiki, Bwana hakimu. Ingekuwa bahati, ingewagusa wote mia mbili."

Hakimu aliitaka orodha. Aliisoma taratibu, akarudia. Kisha akatamka: huu si mchezo wa bahati, vyombo virudishwe. Ila kukusanya pesa za watu bila kibali ni kosa, kukome leo.

Kwenye ngazi za nje Mzee Uthmani aliwasubiri.

"Hakimu amesema yake," alisema. "Yangu bado. Wachezaji wakitoa pesa, ni kamari, hata wawe na akili za Sulemani. Zawadi ikitoka kwa mtu asiyecheza, na wao wasitoe kitu, hayo ni mashindano, kama mbio."

"Basi, baba," Yahaya alisema, macho chini, "kila mwezi redio moja, kutoka mkononi mwangu. Na mi sichezi. Nilimwahidi Asiya, nikamdanganya. Alinipigia simu kuniokoa, nikamwita adui."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akatangulia.

"Hasira bado ninayo," Asiya alisema.

"Uje nayo. Nyumba yangu ina vyumba viwili, hasira itapata chake."

Asiya hakucheka, ingawa mdomo ulitaka. Saa ya chakula siku iliyofuata Yahaya alimletea kanuni mpya, zimeandikwa kwa mkono, azipige taipu. Ya kwanza: *Anayecheza halipi.* Asiya alipiga zote, akafika chini.

"Hapa niweke herufi za nani?"

"Zangu. Kisha mkwaju. Kisha zako. Na kila karatasi ya maisha yangu iwe hivyo."

"Hiyo siyo posa, Yahaya. Posa inapelekwa na wazee wawili, Ijumaa, na wasichelewe."

Lakini vidole vyake vilikuwa vimekwisha kupiga: *Y.M./a.u.*