Meno ya Mzee Mutugi

Rafiki yangu Njura hutengeneza meno bandia mjini Meru, na si mtu wa kubuni visa. Kila seti ya meno huitia chipu ndogo ndani ya ufizi wa plastiki, ili meno ya mteja mmoja yasiende kwa mwingine. Yakipita mlangoni, mashine inayosoma chipu hulia tii.

Jioni moja ya mvua alipigiwa simu kutoka Mikinduri na Carol, binti wa Mzee Mutugi.

"Daktari, baba ametuacha leo asubuhi. Yale meno yake nakuja kuyachukua, tumzike nayo. Maskini, alitaka tu atafune miraa tena."

"Pole sana, Carol. Utayapata tayari."

Meno yalikuwa kabatini, mapya, makavu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Njura. Akaketi kumngoja. Stima ikapotea, giza likajaa chumbani, mvua ikazidi kupiga mabati.

Ile mashine ya mlangoni, ambayo hutumia betri, ikalia tii.

"Carol?"

Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa komeo.

Mvua ilipotulia kidogo, Njura akasikia mtu akitafuna nje barazani, polepole, kama asiye na haraka yoyote. Kisha kutafuna kukakoma. Mashine ikalia tena.

Aliwasha tochi ya simu, akafungua kabati. Meno yalikuwa mahali pake, yameloa. Katikati ya magego zilikuwa zimekwama nyuzi za maganda ya miraa, mbichi kabisa.

Akayagusa. Mate yalikuwa bado moto.