Mtunza Maua wa Bibi Mdachi

Gari moshi la kutoka pwani lilikuwa limeingia saa nne, na stesheni ya Dodoma ilijaa pomoni. Wachukuzi, askari na wauza karanga walipigana vikumbo katikati ya moshi na vumbi. Mwanahawa alisimama kando, kaniki yake mpya imemkaa sawasawa, akitafuta kasha la bibi wa Kidachi aliyemtumikia. Alipoliona, mchukuzi mmoja alikwisha kulitupa begani kama gunia la mtama.

"We kaka, taratibu! Hiyo ni miche!"

Mchukuzi akageuka. Alikuwa kijana mrefu, kanzu ameikunja hadi magotini, kofia imelalia sikio.

"Miche gani hii inayopanda gari moshi, na mimi nimekuja kwa miguu kutoka Kondoa?"

Mwanahawa akasahau kununa. "Kondoa? Hata mimi ni wa huko."

"Basi ningejua ningelibeba kasha kama mtoto mchanga," alisema yule kijana, jina lake Zaidi, akalishusha kifuani na kulikumbatia. Mwanahawa alicheka njia nzima.

Miche ile ilikuwa ya hibiskasi. Bibi Mdachi, mke wa fundi mkuu wa reli, alitaka izunguke nyumba yake yote. Mwanahawa aliichimbia mashimo, akachanganya udongo na samadi kuukuu, akafunika mashina kwa nyasi kavu, maana upepo wa Dodoma hukausha hata mate mdomoni. Kila alfajiri aliimwagilia. Wadudu weusi walipoganda kwenye machipukizi aliwaosha kwa maji ya sabuni, na matawi yaliyorefuka ovyo aliyakata ili miti isongamane na kuwa ua mnene wa nyumba. Mvua zilipokwisha maua yalifunguka, mekundu, mapana kama viganja. Kila ua lilidumu siku moja tu. Kesho yake aliliokota chini limejikunja.

Alasiri Zaidi, aliyezoea kupita kumwona, alisimama upande wa njiani.

"Mpenzi, leo umenywesha mingapi?"

"Sitini."

"Na mimi hapa nakauka, hunioni?"

"Wewe una miguu, nenda kisimani."

"Kisima changu kiko ndani humo, kimefungiwa."

Alisema kwa utani, lakini ilikuwa kweli. Hakuruhusiwa kwenda popote ila stesheni na kisimani, na miti ilivyozidi kunenepa ndivyo alivyozidi kuiona njia kwa vipande vipande.

Siku moja Zaidi alikuja bila utani. "Mwezi ukiandama twende Kondoa. Nataka kukuposa kwa mama yako."

"Siwezi, Zaidi."

"Kwa nini?"

"Maua... hayana mtu mwingine."

Zaidi alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Unaniacha kwa sababu ya maua, Mwanahawa? Sema kama umenogewa na nyumba ya Mdachi."

Mwanahawa aliuma mdomo. Kaka yake, Khamisi, alikuwa mfungwa wa mnyororo kwa kutoroka kazi ya shuruti ya barabara. Bibi alikuwa amemwahidi: "Tunza maua yangu, nami nitasema na wakubwa wamfungue. Lakini ukimwambia mtu yeyote, nitanyamaza." Basi Mwanahawa naye akanyamaza. Zaidi akaondoka, na wiki ile ile alipanda behewa la vibarua kwenda Morogoro.

Miezi mitatu Mwanahawa alimwagilia bila kuinua uso. Jina la Zaidi alilitaja chini chini, akichimbua magugu, kisha akajikemea.

Asubuhi moja akasikia anaitwa kutoka njiani. Zaidi alikuwa amekonda, kofia ameishika mkononi.

"Mbona hukuniambia habari za Khamisi?"

Ndoo ikamponyoka. "Nani kakuambia?"

"Jamaa mmoja aitwaye Msafiri, nilimkuta Morogoro. Yeye na Khamisi walifungwa mnyororo mmoja." Zaidi akasogea hadi langoni. "Mpenzi wangu, Khamisi hayupo. Homa ilimchukua tangu Ramadhani. Walimzika huko huko kambini, Msafiri mwenyewe alishika jembe."

Mwanahawa hakulia. Alipanda ngazi za baraza na matope miguuni, mahali alipokatazwa kukanyaga. Bibi Mdachi alikuwa akinywa kahawa, gauni lake jeupe limefungwa hadi shingoni.

"Bibi, kaka yangu amekufa. Ulijua?"

Bibi akaweka kikombe mezani. "Barua ilifika," alisema Bibi. "Nilitaka kukuambia. Lakini ungeondoka, Mwanahawa. Mume wangu yuko njiani siku zote. Mimi hapa sina mtu."

"Na mimi nilikuwa na kaka."

"Askari watakurudisha!"

"Waite."

Bibi alifungua kinywa, lakini hakuita. Aliinamisha uso juu ya meza. Mwanahawa akateremka, akapita langoni mchana kweupe.

Yeye na Zaidi walitembea siku sita hadi Kondoa, na Kuluthumu, binamu yake Mwanahawa aliyekuwa akiuza asali sokoni Dodoma, akafuatana nao kwa ajili ya heshima. Walipofika, mama yake alikuwa akitwanga. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akatazama njia nyuma yao, akingoja mtu mwingine atokee. Mchi ukamwanguka. Hapo ndipo Mwanahawa alipolia.

Arobaini ilipopita, Zaidi alikuja na mjomba wake kuposa. Mama akamwita binti ajibu mwenyewe.

"Nimekubali," alisema Mwanahawa. "Ila nyumbani kwetu sitaki ua."

Zaidi akatabasamu kwa woga. "Ua la kuchanua, au ua wa kuzungushia?"

"Wa kuzungushia," alijibu. "La kuchanua nitalipanda mwenyewe, siku nikitaka."