Kuganduka kwa Pupa

Chungu cha pombe ya ndizi kilikuwa katikati ya ua, mirija imechomekwa, na mrija mmoja ambao hakuna aliyeushika ulikuwa ukinyonya. Fyuu, fyuu. Watu wa kijiji cha Kitanga waliusikia, wakatazamana, wakaendelea kunywa. Pombe ya bure haina woga.

Bazilio alikuwa ameita watu kuganduka, ndiyo siku ya kufunga msiba: marehemu anasifiwa, kisha mkubwa wa ukoo anatangaza mrithi. Mila ya watu hawa waliotoka Burundi inataka mwaka uzunguke kwanza. Mzee mzima alishindwa kungoja! Reverien, mtoto wa kaka yake, askari, alikuwa ameuawa vitani Kongo juzijuzi tu. Kaburi halijaota hata nyasi. Lakini Reverien aliacha shamba zuri na mjane asiye na mtoto, Pelagia, na Bazilio alitaka kujitangaza mrithi mchana ule ule, Pelagia afungashe virago arudi kwao Muyama.

Akasimama, akakohoa, akaanza kudanganya bila haya. Eti alimlea Reverien mgongoni. Eti kijana aliwafyeka maadui kama majani. Eti kabla ya kuondoka alimshika mkono akamwachia shamba. Wote pale walijua kwamba kaka yake alipofariki, Bazilio alimfukuza mtoto yule kwa mpini wa jembe, akawa analala majikoni kwa watu mpaka alipoingia jeshini. Nani alifungua mdomo? Walinyonya mirija yao, wanafiki wakubwa, na mjane amekaa palepale.

Mrija ule ukanyamaza. Ikaja harufu ya baruti na ya buti zilizolowa, ikapita kati ya viti polepole, na kila ilipompitia mtu alikunja miguu bila kujua kwa nini, mbwa akaingia uvunguni, kuku wakaacha kudonoa, na ile harufu ikaenda, ikaenda, mpaka ikasimama mbele ya Bazilio, ambaye alikuwa bado ameachama na neno lake la uongo limemkwama kooni. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya chini, ya kijana aliyechoka.

"Baba mdogo, hukunilea. Sikuua mtu. Walinipiga nikiwachotea wenzangu maji. Shamba nililima na Pelagia."

Ua ulibaki mtupu. Hata waliokuwa hawawezi kusimama walikimbia.

Bazilio, aliyezoea kuwasema waganga kila akitoka kanisani, sasa akapelekwa mbiombio Kasulu mjini kwa Khatibu, muuza vitambaa anayejulikana kwa kutoa majini. Khatibu alitandika mkeka, akasoma, akamnyunyizia maji, akauliza kwa upole aliyemo anataka nini.

"Aseme mwenyewe shamba ni la nani," ikajibu ile sauti. "Nitatoka."

Basi! Neno moja tu. Bazilio aliuma midomo mpaka ikatoka damu, huku Khatibu akimsihi, mke wake akilia, na harufu ya baruti ikizidi hadi watu wa duka la pili wakafunga milango. Hakusema. Afadhali akae na maiti kifuani kuliko kuachia ardhi ya yatima.

Khatibu akakunja mkeka wake. "Mimi natoa majini, mzee wangu," akamwambia. "Uroho sitoi."

Pelagia yuko shambani kwake mpaka leo. Nani atathubutu kumtoa? Jioni miguu ya Bazilio humpeleka mpakani mwa shamba, atake asitake. Anasimama pale, machozi yakimtoka kwa hofu, na mdomo wake unatabasamu.

"Pelagia, maharage yameota?"

Pelagia haachi kupalilia, wala hamtazami usoni yule mzee.

"Yameota, mume wangu. Kaa kidogo."