Jumanne na Alhamisi Zilizofutwa

Kila asubuhi, hata kabla ya kupiga mswaki, nilikuwa nakwenda kwenye gereji ya Shangazi, hatua chache kutoka mlango wetu wa jikoni, kuchomoa waya wa kuchajia. Kigari kilikuwa kinanisubiri pale na magurudumu yake matatu, kiti kirefu mbele na sanduku kubwa la bati nyuma. Zamani kilitumia petroli. Kilinguruma, kilitoa moshi, na kila wiki kilikuwa na ugonjwa mpya. Shangazi, ambaye ni fundi wa magari, alichoka nacho, akang'oa injini, akaweka mota ya umeme na betri. Juu ya paa la gereji akapanga paneli za jua za kukichaji.

Kazi yangu ilikuwa kusoma kipimo cha betri. Nilikisoma kila kigari kilipoondoka na kiliporudi, nikahesabu na kilomita kilizokwenda, kisha nikaingiza yote kwenye jedwali katika kompyuta kuukuu ambayo Shangazi aliifufua kwa vipuri vya nyingine tatu. Hakuna mtu aliyekijua kigari kile kunishinda mimi, na sikuona haya kulisema hilo popote.

Shuleni waliniita Chaja. Sikujali. Aliyeniudhi ni mmoja tu, mtoto wa dereva wa lori, ambaye kila mtu alimwita Dizeli kwa jinsi alivyokuwa akijisifia lori la baba yake.

"Gari la umeme ni la kuchezea watoto," alisema siku moja tukiwa tunamsubiri mwalimu. "Likiona kilima linaomba msamaha."

"Na lori la baba yako likiona kituo cha mafuta linapiga magoti," nilimjibu.

Darasa zima lilivunjika mbavu. Nami nikapanda juu ya kiti, maana nikianza huwa sijui kunyamaza.

"Gusa boneti ya lori likitoka safari, uone litakavyokuunguza! Ule wote ni moto unaopotea bure. Mota ya Shangazi ukiigusa ni vuguvugu tu. Jua linawaka juu ya mapaa yetu kila siku, nasi tunakimbilia kununua moshi. Gari la kesho ni kompyuta yenye magurudumu. Utake usitake, Dizeli, utalipanda!"

"Shuka kwenye kiti kwanza," alisema mwalimu mlangoni.

Hilo la kompyuta ndilo lililotuuma wote. Shule tatu za eneo letu ziligawana kompyuta kumi na nane za mezani, kubwa na nzito. Gari la petroli lililokuwa likizizungusha lilikufa kabisa, na kwa muhula mzima hatukugusa hata kitufe kimoja. Kamati ya wazazi ilipoanza kutafuta gari jingine, Shangazi akaomba kazi hiyo. Sharti lilikuwa hili: kigari chake kibebe kompyuta zote, kizunguke shule tatu na kurudi, kilomita arobaini na moja, bila kukwama njiani. Kikikwama, kazi angepewa mtu mwenye gari la petroli, ambaye asingeweza kuanza mpaka mwaka ujao. Maana yake sehemu yote iliyobaki ya mwaka bila kompyuta, na watu wa mtaani wangemcheka Shangazi mpaka wachoke.

Mwalimu mkuu aliniambia, "Wewe ndiye unayetunza rekodi za kigari. Njoo uisomee kamati tuone kinakwenda umbali gani kwa chaji moja."

Nilikimbia nyumbani, nikawasha kompyuta, nikafungua jedwali la wiki nane. Siku nyingi Shangazi alibeba mikate tu, na chaji moja ingetosha kilomita hamsini na mbili. Lakini kila Jumanne na Alhamisi alibeba kreti za soda, sanduku likijaa mpaka juu. Siku hizo chaji moja ilitosha kilomita thelathini na nne. Nilizitazama tarakimu zile kwa hasira. Nilimsikia Dizeli akicheka kabla hata hajacheka.

Basi nikatengeneza nakala ya kupeleka kwa kamati, nikazifuta humo. Jumanne zote na Alhamisi zote. Nilijiambia kwamba siku za soda si siku za kawaida, kwamba soda si kompyuta, na kwamba gari zuri halistahili kuaibishwa na siku mbili mbaya. Nikachora grafu, ikapendeza.

Mbele ya kamati nilisimama wima. "Kilomita hamsini na mbili," nilisema. "Kitamaliza mzunguko na kubakiza kilomita kumi na moja."

Shangazi alikuwa amekaa nyuma. Alinitazama kwa fahari. Yeye mwenyewe hakuwahi kulifungua lile jedwali, kwa kuwa aliniamini.

Jaribio lilifanyika Jumamosi asubuhi. Tulipakia kompyuta kumi na nane na skrini zake, tukazifunga kwa mablanketi. Kamati ilimteua baba yake Dizeli awe shahidi. Alikuwa mtu wa miraba minne, na alipoingia kwenye kiti chetu nilibanwa katikati kama kitabu kwenye kabati.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia kwa tabu.

"Marahaba, mwanangu. Nimeendesha lori miaka ishirini," alisema akitafuta pa kuweka magoti. "Leo nimepakiwa kwenye kopo."

"Kopo hili litakurudisha nyumbani," alisema Shangazi, akaondoka.

Tulifika shule ya kwanza bila wasiwasi. Baba Dizeli alikiri kwamba hakuwahi kusafiri ndani ya gari huku akiwasikia ndege. Nilianza kutabasamu, kisha nikakitazama kipimo, na tabasamu likakatika. Kilikuwa kinashuka haraka. Kilikuwa kinashuka kama Jumanne.

Tulipoingia shule ya pili tulikuwa tumekwenda kilomita ishirini na mbili, na betri ilisoma asilimia thelathini na tano. Sikuhitaji kompyuta kupiga hesabu hiyo. Tulibakiwa na kilomita kumi na mbili za nguvu, wakati safari iliyobaki ilikuwa ya kilomita kumi na tisa: kumi na moja hadi shule ya tatu, na nane za kurudi. Tena mbele yetu palikuwa na kilima kirefu. Shangazi alikunywa maji, akafuta mikono.

"Haya, tupande," alisema. "Naona kipimo kimeshuka kidogo, lakini wewe mhasibu wangu wa betri umesema tuna akiba."

Ningeweza kunyamaza na kuomba Mungu tufike. Ningeweza kusema betri imeharibika ghafla. Nilimwona Shangazi akisukuma kigari kilimani mbele ya watu, kompyuta zetu zikiwa nyuma, yeye akijiuliza amekosea wapi, kumbe aliyekosea ni mimi.

"Shangazi, hatuna akiba," nilisema.

"Unasemaje?"

"Kikiwa na mzigo kinakwenda kilomita thelathini na nne. Nilijua. Nilifuta Jumanne na Alhamisi."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alikaa juu ya ngazi ya darasa, akaning'iniza mikono yake katikati ya magoti.

"Nimejenga kile kigari kwa mikono hii," alisema polepole. "Miezi saba. Wewe ukaona hakitoshi mpaka ukidanganyie?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Baba Dizeli alikohoa.

"Mama fundi, twende tu," alisema. "Pengine tutafika. Hata mimi nimewahi kuingia mjini na tangi kavu."

"Siendi kwa pengine," alisema Shangazi. "Siwezi kubeba kompyuta za watoto kwa pengine."

Hapo kichwa changu kigumu kikaanza kufanya kazi iliyo halali. Jumamosi ile tulikuwa tunapita tu, hakukuwa na masomo. Lakini katika wiki ya kawaida kompyuta zingeshushwa hapa watoto wasome.

"Shangazi, kila shule imepangiwa kipindi cha saa ngapi?"

"Saa mbili. Kwa nini?"

"Kwa hiyo kigari kitakuwa kimesimama hapa saa mbili bila kazi!"

Sote watatu tuligeuka kutazama paa la shule ile. Palikuwa na paneli kumi na mbili za pampu ya maji. Mlinzi alituambia kwamba tangi hujaa mapema asubuhi, na baada ya hapo umeme wake haumsaidii mtu.

"Naomba uturuhusu tuchomeke hapa," Shangazi alimwambia.

Mlinzi alimpigia simu mkuu wake, ruhusa ikapatikana. Shangazi alivuta waya kutoka chini ya kiti, akauchomeka, akampigia na Mwalimu mkuu wetu. "Tutachelewa saa mbili, mwalimu. Sababu utaelezwa na mwenyewe." Alisema hivyo akinitazama mimi.

Saa mbili zilikuwa ndefu kuliko muhula. Baba Dizeli alilala kivulini, akakoroma kwa sauti ya lori lake. Tulipochomoa waya, kipimo kilisoma asilimia sabini na tano.

Kilima tulikipanda taratibu, bila kusimama hata mara moja. Lakini uwanja wa shule ya tatu ulikuwa umejaa kamati, walimu na wanafunzi waliokuja kutupokea na kuchomwa na jua wakisubiri, na uvumi kwamba tumeharibikiwa ulikuwa umefika kabla yetu.

"Kimeomba msamaha kilimani!" Dizeli alipiga kelele, na wenzake wakapiga makofi.

Nilishuka. Miguu ilitaka kurudi ndani. Nikaikatalia, nikasimama mbele ya Mwalimu mkuu.

"Hakikuomba msamaha. Anayeomba msamaha ni mimi," nilisema kwa sauti ili wa nyuma wasikie. "Niliwaambia kilomita hamsini na mbili. Hizo ni za sanduku lenye mikate. Kikiwa na mzigo mzito ni thelathini na nne, na nilizificha siku hizo kwa makusudi. Shangazi hakujua lolote."

Minong'ono ilianza. Mzazi mmoja akasema, "Basi ndiyo maana tunawaambia, haya mambo ya umeme ni uongo mtupu!"

Nikamgeukia. Najua ilinipasa kunyamaza, lakini hapo sikukubali.

"Samahani, mzazi. Uongo ulikuwa wangu mimi, si wa umeme. Mota haijadanganya mtu. Betri haijadanganya mtu. Tumechaji saa mbili kwa jua la shule ya pili, muda uleule ambao watoto wa pale watakuwa wanasoma, na tumefika. Niadhibuni mimi mtakavyo, lakini kigari msikinyime kazi kwa kosa langu!"

Kisha baba yake Dizeli akajipapasa kiuno, akasogea mbele.

"Mimi ndiye shahidi," alisema. "Mtoto huyu alisema ukweli wakati ambapo angeweza kunyamaza. Na kigari kimepanda kilima na mimi ndani. Mnaniona nilivyo. Kila lori lina tangi lenye mwisho, na dereva anayejua mwisho wake hujua pa kusimama. Sioni tofauti."

Kamati ilijitenga chini ya ukuta, ikajadiliana. Waliporudi, Mwalimu mkuu alisoma uamuzi. Tukifika nyumbani salama, kigari kingepewa muhula mmoja wa majaribio, kikichajiwa shule ya pili. Jedwali zima, Jumanne na Alhamisi zikiwemo, libandikwe ukutani. Nami nisiandike tena tarakimu yoyote peke yangu. Mtu wa kuzihakiki angekuwa Dizeli.

"Dizeli?" niliruka. "Mwalimu, yeyote yule, ila Dizeli!"

"Ndiyo maana nimemchagua," alisema Mwalimu mkuu. "Hatakuonea huruma."

Dizeli alicheka mpaka akashika tumbo. Niling'ata meno, nikakubali.

Wakati tunakaza kamba za mzigo, Shangazi aliniita upande wa pili wa sanduku.

"Bado nina hasira nawe," alisema. "Lakini nisikilize, mwanangu. Ulizificha siku zile ukidhani zinakiaibisha kigari. Leo hizohizo ndizo zilizotuambia tusimame wapi. Ungeziacha tangu mwanzo, tungepanga safari vizuri na usingesimama mbele za watu unatetemeka. Kitetee unachokipenda, tena kwa ukali wako wote, siwezi kukukataza. Ila ukitetee kama kilivyo. Ukikitilia chumvi, siku watu wakiijua chumvi yako watakitupa pamoja nayo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Haya. Kasome kipimo, tuondoke."

Dizeli alikuwa tayari amesimama kando ya usukani na daftari jipya, penseli sikioni, amejipa cheo chote. Nilitupa jicho kwenye kipimo.

"Andika arobaini," nilimwambia.

Aliinama, akakisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Ni thelathini na tisa."

Nilitaka kubishana. Nikainama, nikatazama tena vizuri.

"Thelathini na tisa," nilisema. "Andika."