Kitunguu Kikubwa si cha Chungu

Majani ya mtufaha yalikuwa yakipukutika. Otilia alikaa jikoni akichambua vitunguu saumu vya kupanda. Vyote vilikuwa vidogo, na vingine vimeanza kuoza. Moyo ulimuuma. Mbegu hiyo waliachiwa na marehemu mama mkwe wake, na zamani kitunguu kimoja kilijaza kiganja. Ikiharibika na mwaka huu, ndiyo basi tena.

"Ardhi ya kisiwa hiki imechoka," alisema mumewe, Nibaldo.

Jirani yao Clorinda aliingia kurudisha kikapu. Mama huyo hakujua kuremba maneno.

"Hii ni mbegu au chakula cha kuku?"

"Ndivyo vilivyobaki, jirani," alijibu Otilia.

"Vikubwa viko wapi?"

Nibaldo alikohoa. "Tumekula. Tulipochinja nguruwe, wageni walijaa hapa. Nimpe mgeni kitunguu kidogo, nionekane bahili?"

Clorinda alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Lakini kwako wewe, mgeni akija, mbegu ndiyo inayokufa. Kila mwaka mnakula vilivyonona, mnapanda vilivyodhoofu. Mtavuna nini? Mama yako alitenga vikubwa kabla hajapika hata kimoja."

Nibaldo aliinamisha kichwa. Otilia alimhurumia.

"Basi tumeshaipoteza?" aliuliza.

"Bado. Chagueni vilivyo afadhali. Pandeni punje nene za pembeni. Hizo nyembamba za katikati, kuleni."

Kesho yake Clorinda alikuja bustanini. Maji yalikuwa yametuama.

"Mvua za baridi zinakuja," alisema. "Inueni tuta, chimbeni mfereji. Kitunguu saumu kikilala majini, kinaoza."

Otilia alileta mwani mbichi kutoka ufukweni uwe mbolea.

"Huo una chumvi, dada. Urundike, mvua iuoshe kwanza. Leo tumia ule wa zamani ulio nyuma ya banda."

Walichanganya mwani wa zamani na udongo. Kisha Otilia alipanda, nafasi ya kiganja kati ya punje na punje.

"Usiimenye. Ncha juu, makalio chini, kama mtu aliyekaa," alisema Clorinda.

Nibaldo alikuwa amekusanya majani makavu, kibiriti mkononi.

"Wee! Unataka kuchoma blanketi la tuta?"

Nibaldo alicheka, akayatandaza majani juu ya tuta.

Mvua ilinyesha majira yote ya baridi. Kila asubuhi Otilia alikwenda kuangalia mfereji. Maji yalipita, na machipukizi yakatokeza kati ya majani.

Januari, katika jua la kiangazi, walivuna. Vitunguu havikujaza kiganja bado, lakini vilikuwa vikubwa mara mbili ya vile vya mwaka uliopita. Otilia alifurahi mno. Alivisuka vile vikubwa kabisa viwe mbegu, akavitundika juu ya jiko.

Jumapili kaka yake Nibaldo alikuja kutoka bara. Nibaldo alishika kisu, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kile kikubwa kuliko vyote. Otilia alimtazama tu. Mkono ukarudi, ukachukua viwili vya wastani kikapuni.

"Siku hizi umekuwa mchoyo, mdogo wangu?" alitania kaka.

"Kula ushibe kwanza."

Jioni kaka alipoaga, Nibaldo alikata vitunguu vitatu vikubwa kutoka kwenye msuko, akamtia mkononi.

"Hivi si vya chungu, kaka. Kapande. Ni vya mama."