Abiria wa Boza

Siku tangi lilipojibu, Gia Tatu alicheka. Wewe na mimi tungetimua mbio hadi viatu vibaki nyuma, halafu jioni tungesimulia kwamba tulipigana. Yeye alicheka, na hapo ndipo pa kumlaumu.

Gia Tatu alikuwa dereva wa boza, lile lori la tangi la ofisi ya maji. Gia ya nne ilikuwa imekufa zamani, naye akatangaza kwamba gia tatu zinamtosha mwanaume anayejua anakokwenda. Mji wenyewe ulikuwa wa kupiga chafya sokoni ukaambiwa pole stendi. Mwezi ule pampu ya mtoni iliungua, mabomba yakakauka, na boza lilikuwa hilo moja. Kwenda mtoni na kurudi ni siku nzima. Ndoo zilipangwa barabarani tangu alfajiri, na zilikuwa nyingi kuliko tangi.

Gia Tatu akapata akili yake. Pembeni ya mji kulikuwa na stesheni ya reli iliyoachwa, na nyuma ya stesheni kisima kilichochimbwa kunywesha injini za moshi, kimefunikwa kwa chuma. Akafungua mfuniko, akatumbukiza mpira, akavuta. Safari moja kwa siku zikawa tano. Mji ukaanza kumsifu, naye hakuona sababu ya kuukatiza.

Mlinzi wa stesheni, mzee aliyekuwa bado analinda reli zilizokwisha kung'olewa, alimwonya jambo moja tu.

"Chota, mjukuu wangu. Ila usigonge tangi hapa. Pima kwa kijiti, kama tulivyopima sisi."

"Babu, kijiti ni cha kupimia uji. Sisi mafundi tunapima kwa sikio."

"Fundi wa treni ya mwisho naye alisema hivyohivyo."

"Ikawaje?"

"Treni ilifika," mzee alisema. "Yeye hakufika."

Dereva wa boza hapimi kwa macho. Anagonga ubavu wa tangi kwa spana, chini, katikati, juu. Penye maji chuma kinaguna, pasipo na maji kinalia kama sufuria. Gia Tatu akagonga mara tatu, kwa madaha, mzee aone. Ngo, ngo, ngo. Akatia spana mfukoni, akapangusa mikono kwenye suruali.

Ndani ya tangi kukagongwa. Ngo. Ngo. Ngo.

Usiniambie ni mwangwi. Mwangwi hausubiri upanguse mikono.

Hapo ndipo alipocheka. Akapanda juu, akainamia mdomo wa tangi, akasema, "Karibu, panda. Nauli juu yangu."

Mlinzi alivua kofia yake, akaiweka kifuani, akaingia kibandani na kufunga mlango kwa ndani.

Maji yalikuwa safi kwa macho, ila yalinuka kidogo, kama moshi wa makaa uliomwagiwa maji. Watu wakanywa. Mwenye kiu habagui harufu. Siku ya tatu mapipa yakaanza kugonga.

Kwa fundi viatu ndiko kulikoanza. Alisikia hodi, akaitikia karibu huku sindano ikiwa mdomoni, akatazama mlangoni, hakuna mtu. Kesho yake mkewe akaitikia. Keshokutwa mama mkwe wake. Siku hizo zote fundi viatu alikuwa anakunywa, ndoo nzima, ndoo ya pili, bila tumbo kujaa na bila kusema neno, maana sauti ilimtoka tangu siku ya kwanza. Asubuhi ya nne walikuta kitanda kimelowa hadi kwenye mbao, yeye hayupo, na pipa ambalo jana yake lilikuwa tupu limejaa hadi mdomoni.

Gia Tatu alisikia habari hiyo stendi, akasema fundi viatu amekimbia mama mkwe. Watu wakacheka. Mchana akarudi nyumbani kula.

Alikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka saba. Walimwita Redio, kwa kuwa alikuwa akiamka anawaka, na kumzima ni hadi alale. Kwa kawaida alimpokea baba yake barabarani na taarifa ya habari: nani kapigana, kuku wa nani kapotea. Siku hiyo barabara ilikuwa kimya. Alimkuta jikoni, amechuchumaa kando ya pipa, kikombe mkononi. Anachota, anakunywa. Anachota, anakunywa.

"Redio, leo hakuna habari?"

Mtoto alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga, akachota tena.

"Tangu asubuhi yuko hivyo," mkewe alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa naanika nguo, nikamsikia anamwambia mtu, karibu, baba hayupo ila mama yupo. Nikaja kumtazama mgeni. Hakukuwa na mgeni, Baba Redio. Kulikuwa na hilo pipa."

Gia Tatu aliacha chakula, akatoka mbio kuita msaada.

Mtaa wa pili kulikuwa na mshonaji wa sare za shule, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita shangazi, na aliyekuwa na kazi nyingine isiyoandikwa kwenye kibao chake. Alikuja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Akamlaza mtoto kifudifudi, akaweka sikio mgongoni, akakaa hivyo muda mrefu.

"Nani alimkaribisha?" aliuliza.

Gia Tatu alitazama vidole vyake vya miguu. "Mimi. Kule kisimani. Ilikuwa mzaha tu, shangazi."

"Wewe ulikuwa na mzaha. Yeye alikuwa anatafuta pa kwenda." Akaketi sawasawa. "Karibu ya kwanza umetoa wewe. Ya pili kaitoa mtoto. Nyumba hii ikitoa ya tatu, mgeni anaondoka na mtoto. Kwa fundi viatu umeona."

"Mfukuze basi."

"Mgeni uliyemwita mwenyewe hafukuzwi. Anasindikizwa. Kusanya maji ya kisima yaliyobaki mitaani, pipa kwa pipa, uyarudishe ulikoyatoa kabla jua halijazama. Njiani atasema nawe. Usimwitikie kwa neno lolote, hata kukohoa."

"Na sauti ya mtoto?"

"Mgeni kaichukua. Ukimfikisha kwake, baada ya siku saba mtoto ataongea. Lakini sikilizeni, wote wawili. Sauti itoke kwenye mdomo wa mtoto. Ikija kwa mlango mwingine wowote, si yeye. Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi," mkewe alinong'ona.

Wengine walimpa maji kwa ugomvi, wengine kwa kumwapiza, na saa kumi jioni boza lilitoka mjini likiwa na robo tangi. Mbele tu ya kituo cha mafuta mgeni akaanza. Ngo, ngo, ngo, nyuma ya kichwa cha dereva, kwa adabu kabisa, kama mtu aliyeshuka kituoni akakumbuka kwamba amesahau mzigo. Gia Tatu akang'ata ulimi. Barabara ikapinda, jua likamwingia machoni, na harufu ya makaa yaliyolowa ikapanda kutoka chini ya pedali, ikamjaa puani, ikamjaa kooni, naye alipotupa jicho pembeni akaona kiti cha abiria kinabonyea taratibu kama kinavyobonyea mtu mzito anapokaa, na maji yakichuruzika kutoka kwenye sponji hadi miguuni pake, na kando ya sikio lake mama yake mzazi, aliyemzika kwa mikono yake mwenyewe miaka sita iliyopita, akamwambia mwanangu umekonda, hebu simama kidogo tuongee, kwani umenikasirikia, mbona hunijibu, na yeye, mtu ambaye mji mzima ulijua hawezi kunyamaza hata akiwa anang'olewa jino, aliendesha na machozi yanamtiririka na damu ya ulimi inamshuka kidevuni, gia ya tatu, gia ya tatu, gia ya tatu, hadi akaona paa la stesheni.

Alifungua koki, maji yakarudi kisimani. Yalichukua muda mrefu kuliko robo tangi inavyostahili. Akafunika mfuniko, akaukalia. Kimya. Mlinzi alitoka kibandani, akamtazama, akarudi ndani.

Usiku ule Redio alikunywa kikombe kimoja tu. Wakashukuru.

Siku za kungoja zilianza. Pale nyumbani neno karibu lilifungiwa kama sumu ya panya. Shemeji mtu aligonga mlango hadi akachoka, akaondoka akitangaza kwamba siku hizi kwa dada yake wanapika nyama wanajificha. Gia Tatu alirudi kuchota mtoni, safari moja kwa siku, na watu waliomsifu wakaanza kumwita mvivu. Jioni alikaa mkekani na mtoto, akimwekea masikioni hadithi zake za uongo zote. Redio alitabasamu. Siku ya nne midomo yake ilicheza. Siku ya tano alitoa pumzi iliyokaribia kuwa neno, na mama yake akaenda kulia nyuma ya nyumba.

Siku hiyohiyo fundi mkuu wa ofisi ya maji, bwana wa helmeti isiyo na mkwaruzo, alimwita ofisini.

"Dereva, hongera. Kile kisima chako cha stesheni tumekipima. Kimejaa hadi mdomoni. Tumeamua kufunga pampu palepale, tuunganishe na mabomba ya mji. Wiki ijayo watu wanafungua maji majumbani."

Gia Tatu alisimulia yote, tangu spana hadi kiti kilicholowa. Fundi mkuu alimsikiliza kwa heshima, akifunga na kufungua kofia ya kalamu.

"Si wewe uliyewahi kutuambia uliendesha boza kilomita kumi bila usukani?"

"Ile ilikuwa stori, bosi. Hii ni kweli."

"Pole kwa mtoto. Mpeleke hospitali. Mji una kiu."

Usiku aliegesha boza juu ya mfuniko wa kisima, akaondoka na ufunguo. Asubuhi walilivuta kwa trekta. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wasiitikie hodi ya bomba. Walimsikiliza, wakamuuliza kama siku hiyo anauza na dawa yake. Miaka yote mdomo ule ulikuwa umemlisha sifa. Sasa alipouhitaji ubebe jambo moja la kweli, hakukuwa na aliyeuamini. Akarudi nyumbani, akachukua waya, akafunga bomba la uani mizunguko tisa.

"Mama Redio, hata likiimba, usiliguse."

"Niliguse la nini? Nenda, uwahi kurudi. Siku ya saba ni kesho."

Siku ya saba alikuwa anaingia mjini kutoka mtoni, saa kumi jioni, alipoona watoto barabarani wamelowa, wanacheka. Wiki ijayo ya fundi mkuu ilikuwa imefika mapema. Alikanyaga mafuta hadi mwisho. Lori lilinguruma kwa gia ya tatu na halikuwa na nyingine. Katika mitaa hewa ilikuwa inatoka kwenye mabomba makavu, na mabomba yalikuwa yanagonga, ngo, ngo, ngo, uani kwa huyu, jikoni kwa yule, na juu ya mji mzima kulikuwa na harufu ya makaa yaliyolowa.

Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba la uani. Waya ulikuwa palepale, mizunguko yote tisa. Kupitia mlango ulio wazi Gia Tatu alimwona mtoto mkekani, amelala, kikombe kando yake.

"Mama Redio, toka hapo."

Aliinua mkono kumnyamazisha, kama mtu anayehofia kupitwa na neno. "Sikiliza," alinong'ona. "Ni yeye. Ni mwanangu anaongea."

Ndani ya bomba kitu kikagonga mara tatu.

"Mama, hodi," bomba likasema. Ilikuwa sauti ya Redio, ileile ya kuongea haraka, na ule ulimi unaoteleza palipotoka jino. "Mama, nimefika. Mbona mmefunga?"

Midomo ya mkewe ilifunguka. Gia Tatu aliruka, akaiziba kwa kiganja, akamkumbatia kwa nguvu kifuani, na wote wawili wakaanguka chini kwenye vumbi, yeye akihesabu pumzi, akijiambia hadi jua lizame tu, alishinda sauti ya mama yake barabara nzima na atashinda na hii, mradi mkono usiteleze, mradi huyu mwanamke anayelia ndani ya kiganja chake asipate hata upenyo wa neno moja.

"Baba?" bomba likasema, taratibu. "Baba, ni wewe umekuja? Huku kuna giza, baba. Hodi."

Siku saba alikuwa hajaitwa baba. Mdomo wa mkewe ulikuwa umezibwa barabara. Wa kwake hakuna aliyeuziba.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Karibu."

Waya ulikatika mzunguko mmoja baada ya mwingine, bila kuguswa. Maji yakatoka, safi, baridi, mengi, yakaijaza ndoo iliyokuwa chini, yakafurika. Chumbani mkeka ulikuwa umelowa hadi sakafuni, hakuna aliyelala juu yake, na kikombe kilichokuwa kando kilikuwa kimejaa hadi mdomoni.

Nyumba ya jirani bomba likagonga. Halafu la nyumba iliyofuata, na la ng'ambo ya barabara. Ulikuwa mji wa watu wenye adabu zao. Mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuitikia.