Kerneli ya Kalunde

Kalunde alimwona Nthiwa kwenye foleni ya chakula katika hekalu la Masingasinga pale Makindu, mchana ambao mabasi yalikuwa yameshusha abiria tele. Mle ndani kila mtu hufunika kichwa, na kitambaa cha Nthiwa, cha rangi ya machungwa, kilikuwa kimemshuka mpaka kwenye nyusi. Kalunde, ndani ya gauni lake jipya la kitenge, alicheka bila kujizuia.

"Cheka tu. Wewe chako kinakufanya bibi arusi."

"Na bwana arusi ako wapi?"

"Si ni huyu amekushikia sahani?"

Ndivyo walivyoanza, wapumbavu wawili. Nthiwa alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta mjini humo. Kalunde alikuwa amesomea kazi ya maabara na alikaa Kitui kwa mamake, akitafuta ajira. Miezi minane walipigiana simu kila siku. Laptopu kuukuu ya Kalunde ilipoanza kujikokota, aliipeleka Makindu.

"Naitaka kwa usaili wa video wiki ijayo, ile kazi ya Mombasa."

"Na ukienda Mombasa, mimi nibaki na nani?" Nthiwa alitania. "Lete, mwendwa wangu. Nitakujengea kerneli yako mwenyewe."

Kerneli, alimweleza, ndiyo programu inayoendesha kila kifaa cha kompyuta. Aliipakua bure mtandaoni, akabakisha ndani yake tu sehemu za vifaa vilivyokuwa vikitumika saa ile, nyingine zote akazikata. Kuijenga kulichukua mchana kutwa, wao wakitafuna mahindi ya kuchoma. Ile ya zamani akaifuta ili kupata nafasi. Laptopu iliwaka upesi mno, Kalunde akambusu mbele ya wateja.

Siku ya usaili, saa nne kasorobo, Kalunde alichomeka modemu yake ya intaneti kule Kitui. Hakuna kitu. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ya vitufe tu, haina video. Akampigia.

"Nthiwa, hii mashine haioni modemu!"

"Modemu? Ngai! Siku ile haikuwa imechomekwa. Hapa dukani mtandao ni wa waya."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo haimo. Washa na kerneli zamani... La! Niliifuta."

Kalunde alikimbia hadi saiba ya mjini, penye kompyuta za kukodi. Alipofika, wasaili walikuwa wamefunga kikao.

"Ulifanya makusudi, nisiende!" alimfokea kwenye simu, kisha hakupokea tena.

Baada ya wiki mbili Nthiwa alifika Kitui, shati limepigwa pasi vizuri, akaijenga kerneli upya kwenye meza ya mama. Ilifanya kazi.

"Naapa sikukusudia, Kalunde. Nilisahau tu. Nataka kukuoa."

"Najua ulisahau. Ungekusudia, afadhali. Ningejua uliifikiria safari yangu hata mara moja. Wewe ulitengeneza mashine ya kukaa dukani kwako."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda, na hilo ndilo linaloniuma."

Kalunde alimsindikiza hadi stendi, akamwomba asipige simu tena. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu, akilia waziwazi, na watu wakimwangalia.